Mlo wa Kijapani unavyoweza kumpunguzia mzigo mkulima wa Kaliua

NI saa moja usiku. Katika kaya nyingi za wakulima wa tumbaku wilayani Kaliua, mkoani Tabora, moto wa bani umekwisha kuchochewa, lakini ule wa jikoni ndiyo kwanza unawashwa. Maharage hayajachaguliwa, unga uko chini ya debe, na mtoto mdogo ameshalala kwenye mkeka bila kula.

Hali hiyo hujirudia kila mwaka kati ya Januari na Aprili. Huo ndio wakati wa kuchuma majani ya tumbaku ya mvuke, kuyafunga kwenye vijiti na kuyakausha kwa moto unaolindwa usiku na mchana kwa takribani wiki moja kwa kila mkupuo. Baba na mama wote wako kazini. Kazi ya jikoni nayo haijapungua hata chembe.

Matokeo yake yanajulikana. Familia hula mara moja kwa siku, tena usiku sana, na mara nyingi ni ugali na mboga moja iliyopikwa harakaharaka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Chanzo cha udumavu si kimoja, lakini mtoto anayelala na njaa katika nyumba yenye shamba ni sehemu ya tatizo hilo.

Kwa mkulima wa Kaliua, kinachopungua katika miezi hiyo si chakula peke yake, bali pia muda. Na kuna watu wa mbali ambao wamejijengea utaratibu wa kupika chakula kamili kwa muda mfupi, kwa vitu ambavyo vingi vinapatikana katika soko la Kaliua. Watu hao ni Wajapani.

Siyo samaki mbichi tu

Watanzania wengi wakisikia chakula cha Kijapani hufikiria samaki mbichi wa hotelini. Nyumbani kwa Mjapani wa kawaida, hasa mzazi aliyerudi kazini jioni, mlo una sehemu chache zinazoeleweka: bakuli la wali, bakuli la supu, mboga, na kitoweo kidogo. Mpangilio wake kamili huitwa ichiju sansai, maana yake supu moja na vitoweo vitatu. Siku za kazi nyingi vitoweo hupunguzwa, lakini wali, supu na mboga hubaki. Utamaduni huo wa chakula uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika ya UNESCO mwaka 2013.

Wakulima wa Tanzania si wageni kwa Wajapani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada wao katika miaka ya 1980, na mwaka 1994 kikaanza chuo cha mafunzo ya kilimo cha KATC huko huko Moshi, ambako maofisa ugani na wakulima wamefundishwa kusawazisha majaruba na kupanda mpunga kwa mistari. Somo la shambani limefika katika skimu nyingi nchini. Somo la jikoni halijazungumzwa sana.

Kaliua nayo si mgeni wa wali. Mpunga uliingia Unyanyembe katika karne ya 19 pamoja na Waarabu na Waswahili wa pwani, waliopita na misafara yao kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji. Leo mpunga hulimwa katika mbuga za mkoa huo kila mvua zinaponyesha. Njia hiyo hiyo ya misafara ilifuatwa na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na ndiyo inayounganisha Kaliua na dagaa wa Ziwa Tanganyika na chumvi ya Uvinza.

Dagaa ndio msingi wa supu

Siri ya jiko la Kijapani iko kwenye supu. Badala ya kuchemsha mifupa kwa saa nyingi, Wajapani hutengeneza mchuzi mwepesi uitwao dashi kwa dakika chache. Wengine hutumia mwani, wengine samaki aliyekaushwa na kuparuzwa. Katika nyumba nyingi, hasa magharibi mwa Japani, hutumika niboshi, yaani samaki wadogo waliochemshwa na kukaushwa. Kwa umbo na kwa kazi, hao ni ndugu wa dagaa.

Mwaka 1908, Kikunae Ikeda, profesa wa kemia mjini Tokyo, alichunguza mchuzi wa mwani na kutambua kitu kinachoupa ladha ya utamu wa nyama. Ladha hiyo aliiita umami. Samaki wakavu nao wanayo kwa wingi. Ndiyo maana supu ya dagaa wachache huweza kuwa tamu bila mafuta mengi wala kiungo cha pakiti.

Kwa familia ya watu sita, konzi mbili za dagaa wakavu, sawa na gramu 40 hivi, zinatosha. Dagaa huondolewa vichwa na utumbo, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoleta uchungu. Huoshwa vizuri kutoa mchanga, kisha hulowekwa nusu saa katika lita moja na nusu ya maji. Maji hayo hayamwagwi. Sufuria hubandikwa, yakichemka povu huenguliwa, na baada ya dakika kumi mchuzi uko tayari.

Hapo huongezwa kitunguu, nyanya na vipande vidogo vya boga au kiazi kitamu, vikatwe vidogo ili viive kwa dakika nane hadi kumi. Chumvi hutiwa mwisho, na ndimu ikiwapo hukamuliwa baada ya kuepua. Dagaa hawatolewi, huliwa pamoja na mifupa yao, ambayo ina madini ya chokaa. Kwa mtoto mdogo, dagaa waliokaangwa pasipo mafuta husagwa unga na kuchanganywa kwenye uji au wali laini.

Msimu wa mvua, misitu ya miombo ya Kaliua hutoa uyoga, na Wajapani wanaupenda mno uyoga katika supu na katika wali. Uyoga unaojulikana na wazee wa eneo ndio pekee unaofaa kutiwa chunguni. Usiojulikana uachwe porini.

Wali kwa moto mdogo

Mjapani hupika wali bila mafuta na bila kuukoroga. Mchele huoshwa, hulowekwa nusu saa, kisha hupikwa kwa maji yaliyopimwa hadi yakauke. Kwa mchele wetu, vikombe vinne vya chai vya mchele, takribani gramu 800, huhitaji vikombe vitano na nusu hadi sita vya maji. Mchele mpya huhitaji maji kidogo kuliko wa zamani.

Sufuria ikishachemka, makaa hupunguzwa na mfuniko haufunuliwi. Baada ya dakika kumi hadi kumi na mbili maji huwa yamekauka. Sufuria huepuliwa, huviringishwa kwa kanga au blanketi kuukuu na kuwekwa kwenye kapu, ambamo wali humalizia kuiva kwa joto lake wenyewe. Jiko sasa liko wazi kwa ajili ya supu.

Faida ni mbili. Mzazi mwenye jiko moja anapika vyungu viwili kwa moto mmoja, na kuni au mkaa hupungua. Katika wilaya ambako miti ya miombo tayari inabeba mzigo wa mabani, hilo si jambo dogo.

Mboga ya karanga wanayoijua wote

Mboga za majani nazo Wajapani huzipika kwa muda mfupi sana. Huzichemsha dakika mbili au tatu, huzikamua maji, kisha huzichanganya na ufuta uliokaangwa na kutwangwa. Wako pia wanaotumia karanga.

Mnyamwezi hahitaji kufundishwa mboga ya karanga. Tofauti iko kwenye mpangilio wa kazi. Karanga au ufuta hukaangwa na kutwangwa mara moja kwa wiki, hutiwa chumvi kidogo na kuhifadhiwa kwenye chupa yenye mfuniko. Jioni kazi inayobaki ni kuchemsha matembele, mchicha au majani ya kunde na kuchanganya. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitolewe kabla ya kukaanga, kwani zinaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi.

Siku ambayo hata dakika hizo hazipo, majani hutiwa ndani ya supu dakika mbili kabla ya kuepua. Mlo bado utakuwa na wali, samaki na mboga.

Kwa mpangilio huu, mzazi anayefika nyumbani saa 12:00 jioni huosha mchele na dagaa na kuviloweka. Wakati vinalowana anaoga na kuhudumia watoto. Saa 12:30 moto unawashwa, na ifikapo saa 1:15 usiku familia inakula. Maharage makavu yasiyolowekwa, kwa kulinganisha, huweza kuchukua saa mbili au zaidi motoni.

Chakula cha kwenda nacho shambani

Wajapani wana namna nyingine ya kutumia wali inayomfaa mkulima. Ni donge la wali liitwalo onigiri, ambalo hufinyangwa kwa mikono iliyoloweshwa maji ya chumvi, na katikati hutiwa kitoweo kidogo. Huliwa kwa mkono, bila sahani wala kijiko.

Mchele wa Kijapani hunata, ilhali mchele wetu mrefu wa kunukia hutawanyika. Suluhisho ni chenga. Mchele uliovunjika mashineni, ambao huuzwa kwa bei ya chini kuliko mzima, hulainika na kushikana haraka. Ukipikwa kwa maji yaliyozidi kidogo na kufinyangwa ungali na joto, hutoa madonge mazuri. Katikati huwekwa dagaa waliokaangwa na kutiwa chumvi.

Tahadhari mbili ni za lazima. Ya kwanza ni muda. Wali uliopikwa ukikaa kwenye joto huzalisha vijidudu, hivyo madonge yafinyangwe asubuhi kwa wali wa asubuhi hiyo, yafunikwe na kuliwa kabla ya mchana. Kiporo cha wali wa jana kisitumike kwa kazi hiyo.

Ya pili inawahusu zaidi wakulima wa tumbaku. Majani mabichi, hasa yakiwa na umande, hupitisha nikotini kwenye ngozi na kuleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Mikono na nguo pia huweza kubeba dawa za kuulia wadudu. Aliyetoka kuchuma tumbaku anatakiwa abadili nguo na anawe kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kushika mchele au mtoto.

Hesabu inaanza Juni

Mlo wa haraka wa mwezi Februari hauanzi Februari. Unaanza Juni, wakati mpunga umevunwa na mnunuzi amesimama mlangoni.

Familia inayokula vikombe vinne vya mchele kwa siku huhitaji takribani kilo 96 kwa siku 120 za kuanzia Januari hadi Aprili. Kilo 100 za mpunga mkavu hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele katika mashine nyingi za vijijini. Kwa hiyo akiba inayotakiwa ni kilo 150 za mpunga, yaani gunia moja na nusu la kilo 100. Familia inayokula wali siku tatu au nne tu kwa wiki na ugali siku nyingine itahitaji nusu ya hapo, na supu na mboga zilezile zitakwenda na ugali.

Wengi huuza mpunga wote wakati wa mavuno, kisha hununua mchele dukani wakati wa masika, mara nyingine kwa mkopo unaosubiri malipo ya tumbaku kupitia chama cha msingi. Kwa mfano wa hesabu tu, kama kilo ya mchele ni Sh1,500 wakati wa mavuno na Sh2,200 ifikapo Januari, kilo 96 zitamgharimu mkulima Sh67,200 zaidi. Kila mkulima aweke bei za kwake, atoe gharama ya magunia na dawa, na aone kinachobaki. Mkopo wa duka ukiongezewa bei juu, hasara ni kubwa zaidi.

Mpunga wenye maganda hudumu kuliko mchele uliokobolewa, kwa sababu ganda huukinga dhidi ya wadudu. Ukaushwe vizuri hadi unyevu usizidi asilimia 14, uwekwe juu ya chaga mbali na ukuta au katika mifuko isiyopitisha hewa, na ukobolewe kidogokidogo, wa wiki mbili kwa mara moja.

Dagaa ni tofauti. Gramu 40 kwa siku ni takribani kilo tano kwa miezi minne, lakini mafuta ya dagaa huharibika wakikaa muda mrefu. Ni busara kutenga fedha zao katika SACCOS au VICOBA, kisha kununua kilo moja na robo kila mwezi. Akiba ya wali inakaa ghalani na akiba ya dagaa inakaa kwenye kitabu. Karanga zilizobanguliwa, kwa kiasi cha gramu 100 kwa siku, ni kilo 12.

Nafasi kwa wafanyabiashara wadogo

Mzazi asiye na muda yuko tayari kulipia kazi iliyokwisha kufanywa. Hapo ndipo penye biashara.

Kwanza ni dagaa waliochambuliwa. Dagaa waliokaushwa kwenye vichanja huwa safi kuliko waliokaushwa mchangani. Mfanyabiashara anayewatoa vichwa, kuwachambua kwa ukubwa na kuwafunga katika pakiti ya mlo mmoja huuza muda pamoja na samaki. Anatakiwa pia kufuatilia kalenda ya ziwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Asiyejipanga kwa kipindi kama hicho hukuta mzigo umepungua na bei imepanda.

Pili ni chenga. Mwenye mashine ya kukoboa anayezipepeta, kuzitoa mawe na kuziuza zikiwa peke yake, badala ya kuzichanganya na mchele mzima, hupata mchele wa daraja la juu na chenga safi kwa wateja wawili tofauti.

Tatu ni viazi vitamu. Kanda ya magharibi inajua michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza. Japani wana kitu kilekile. Huitwa hoshi-imo, yaani viazi vilivyopikwa kwa mvuke, vikakatwa vipande na kuanikwa, na mkoa wa Ibaraki, kaskazini mashariki mwa Tokyo, ndio unaoongoza kwa kuvizalisha. Huko havichukuliwi kuwa chakula cha njaa. Huuzwa madukani katika pakiti safi kama kitafunwa.

Matobolwa ya Kaliua yana nafasi hiyo hiyo kwa watoto wa shule na kwa abiria wa treni, yakianikwa juu ya vichanja, yakifunikwa kwa chandarua dhidi ya nzi na kufungwa vizuri. Anayetaka kuuza nje ya mtaa wake aanzie SIDO kwa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji. Tangu mwaka 2019, masuala ya usalama wa chakula yako chini ya TBS, na alama yake hufungua milango ya maduka makubwa.

Kazi ya nyumba nzima

Hakuna utaratibu wa jikoni utakaofaulu ikiwa wote wanamsubiri mama. Anayelinda moto wa bani usiku ana saa nyingi za kukaa. Akishanawa na kubadili nguo, anaweza kuchambua dagaa wa wiki nzima au kubangua karanga mbali na majani ya tumbaku. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuosha mchele na kuuloweka kabla wazazi hawajarudi.

Tumbaku italipwa kwa msimu wake, pembejeo zikishakatwa. Lakini mtoto hali kwa msimu. Kaya itakayotenga gunia moja na nusu la mpunga Juni, na ikaweka pembeni fedha ya dagaa, itakuwa imelipa sehemu kubwa ya chakula cha Februari kabla moto wa bani haujawashwa.